Kompyuta inazima ghafla kila mara, nimeshapiga Windows mara tatu na RAM nimenunua, bado tu. Wakuu nisaidieni

MpigaPicha_Mbagala:
Wakuu habari za jioni, naombeni mnisikilize maana hapa nilipo nimebakiza kidogo tu niitoe hii mashine dirishani. Ni desktopu ya kuungaunga, sio ya kampuni, niliichukua Kariakoo mwaka 2021 ikiwa mtumba, prosesa i5 ya kizazi cha 4, SSD ya GB 240, na hard disk ya TB 1, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) sasa hivi GB 16 (ilikuwa 8 ntaeleza), na kadi ya grafiksi ile ndogo isiyochomekewa waya wake wa umeme. Kazi yangu ni kuedit video za harusi na sendofu. Miaka yote hiyo haijawahi kunisumbua.

Sasa kama miezi miwili iliyopita imeanza vituko, niko zangu naedit taratibu, mara paap, giza, halafu inajiwasha yenyewe kama vile hakuna kilichotokea. Nikampelekea fundi akasema Windows imeharibika, akapiga upya, elfu 20. Wiki moja ikarudia. Nikarudi kwake akapiga tena elfu 20 nyingine, ya tatu nikapiga mwenyewe kwa hasira. Fundi mwingine akaniambia hapo RAM haitoshi, nikanunua kipande kingine cha GB 8. Ndo kwanza ikawa mbaya zaidi, sasa hivi kuna siku inaleta na skrini ya bluu yenye sura imenuna.

Jana nilikuwa narenda (naitoa ikiwa kamili) video ya bibi harusi wa mwezi wa tatu, imefika asilimia 80, ikazima. Yule dada ananipigia simu kila siku. Nifanyeje wakuu?

babu_wa_modemu:
Mkuu hapo sio fundi, hapo ni ex wa bibi harusi. Nenda kwa mtaalamu mwingine kabisa.

Nikki_wa_Kijenge:
Hao ni virusi hao, hizi fleshi za wateja ndo zinaleta. Piga antivairasi au hamia Windows 11 kabisa uachane na matatizo.

FundiUbao:
Nikki, Windows 11 kwa i5 ya kizazi cha 4 Microsoft wenyewe wameikataa, wanaanzia kizazi cha 8, ukiilazimisha unaongeza tatizo juu ya tatizo. Na virusi vya siku hizi vinataka mashine yako iwe hai vikuibie, havina faida na mashine inayozimika.

Mleta mada, kabla hujanunua kitu kingine chochote nijibu swali moja. Hizo mara nyingi, inaleta bluu KWANZA ndo inarestati, au inakatika tu kama mtu kachomoa waya? Maana hayo ni magonjwa mawili tofauti kabisa. Bluu maana yake Windows ilipata muda wa kuona kuna kitu hakipo sawa ikaamua kujizima yenyewe, kwa hiyo inaandika sababu. Kukatika kimya maana yake hata Windows haikujua kimeipata nini.

Ushahidi upo kwenye mashine. Bonyeza Start, andika eventvwr, ingia Windows Logs halafu System, tafuta palipoandikwa Kernel-Power namba 41. Watu wakiiona hiyo 41 wanapiga kelele "nina error ya Kernel-Power" kana kwamba ndo ugonjwa. Hiyo 41 ni kama mlinzi aliyeamka asubuhi akakuta geti liko wazi, anachokwambia ni kwamba jana halikufungwa vizuri, aliyeingia hamjui. Fungua sehemu ya Details, utaona BugcheckCode. Ikiwa 0, ilikatika bila neno, japo hata wewe ukishikilia kitufe cha pawa mpaka izime itaandika vilevile, na ikiganda kabisa pia. Ikiwa namba nyingine basi kulikuwa na bluu na hiyo ndo sababu yake. Namba imeandikwa kwa hesabu ya kawaida, sio ile ya 0x ya wanakompyuta inayohesabu kwa kumi na sita, usije ukaigugo ilivyo ukapotea.

Niandikie zote, na SAA ya kila moja. Saa ni muhimu kuliko unavyodhani.

dada_wa_Tabata:
Nakaa pembeni na karanga zangu, hili tatizo na mimi ninalo.

MpigaPicha_Mbagala:
FundiUbao ubarikiwe, nilikuwa sijui kabisa kama kuna daftari la makosa. Nimekaa nimeandika kwenye karatasi. Wiki mbili zilizopita ziko 14. Kati ya hizo 11 ni 0. Mbili zimeandikwa 26 na moja 80.

Na kitu cha ajabu, zile 11 za sifuri zote ziko kati ya saa moja kasoro usiku na saa nne na dakika kumi. Hakuna hata moja ya mchana! Na mimi mchana ndo nashinda nayo. Zile tatu zenye namba ziko mchana, saa tano asubuhi, saa nane, na moja saa tisa.

FundiUbao:
Safi sana. Umeona? Una wagonjwa wawili wamelala kitanda kimoja na mafundi wako walikuwa wanampa dawa aliyelala katikati ambaye haumwi.

26 kwa namba za wanakompyuta ni 0x1A, MEMORY_MANAGEMENT. 80 ni 0x50, PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA. Moja peke yake ingeweza kuwa draiva mbovu (programu ya kuendeshea kifaa), ila hizi mbili zikikaa pamoja namshuku RAM kwanza. Sasa niambie, ulinunua kile kipande cha pili lini, na hizo bluu tatu zilianza kabla au baada?

MpigaPicha_Mbagala:
Duh. Baada. Zote tatu baada. Nimenunua tarehe 9, ya kwanza ni tarehe 11.

babu_wa_modemu:
Hahaha umenunua ugonjwa kwa risiti.

FundiUbao:
Babu acha, hajathibitisha bado. Chukua fleshi ambayo haina kitu cha maana, weka Memtest86+, programu ya kupima RAM, ni ya bure, washa mashine kwa hiyo fleshi na iache usiku kucha. Usitegemee ile ya ndani ya Windows peke yake, ile huwa inapita haraka haraka mno, nimeshaona RAM mbovu imepewa cheti na ile. Kwenye RAM hakuna kusema "makosa machache", mstari mmoja mwekundu ni kufeli.

Ikifeli na vipande vyote viwili, chomoa kimoja, pima kilichobaki, halafu badilishana. Kikifeli sloti hii hamishia sloti nyingine, maana kuna wakati RAM ni nzima ila sloti ya madabodi (bodi kuu) ndo ina shida. Na kabla ya kushika chochote ndani, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha pawa sekunde kama kumi umalize umeme uliobaki, na shika chuma cha kasha kwanza.

Halafu tafadhali BADILI KITU KIMOJA KWA WAKATI. Ukibadili viwili ikapona hutajua ni kipi kimekuponya, na ikirudi huna pa kuanzia.

Mzee_wa_Bisibisi:
Futa na meno ya RAM kwa ufutio wa penseli, nusu ya mashine zinazokuja hapa kwangu Mwanza zinaponea hapo hapo.

FundiUbao:
Mzee ufutio unasaidia kweli kutoa uchafu, ila ule wenye mchanga wa kufutia wino unakwangua ile dhahabu, na unga wake ukiingia kwenye sloti umejitengenezea kazi nyingine. Tumia ule mweupe laini, nje ya kasha, halafu pangusa kwa spiriti ya duka la dawa ikauke.

Mswahili_Mvita:
Shekhe hapo kwenye meno ya RAM mmenikumbusha. Sisi huku Mombasa upepo wa bahari ndio ugonjwa wetu. Nilikuwa na mashine chumba kinatazama bahari, ikawa inazima zima, nikadhani RAM, nikadhani diski, nikanunua mpaka madabodi. Kumbe ukiinamisha tochi unaona kwenye meno kuna kitu cha kijani kijani chembamba kama ukungu wa mkate. Chumvi. Nilichomoa kila kitu nikasafisha, na mashine nikaihamisha ukuta wa ndani. Mwaka wa pili sasa sijaskia kitu. Madabodi niliyonunua ipo kwenye boksi mpaka leo wallahi, mke wangu akiiona hucheka.

MpigaPicha_Mbagala:
Nimerudi. Niliiacha usiku. Saa kumi alfajiri nimeamka kwenda msalani nachungulia, skrini imejaa mistari myekundu kama kanga. Nikafanya ulivyosema, kipande cha zamani peke yake, mizunguko minne, sifuri. Kipande kipya peke yake, dakika 40 haijafika tayari mekundu. Nikahamisha sloti, yale yale.

Yaani RAM niliyonunua kutibu tatizo ndo imeniletea tatizo la pili. Nimeenda dukani na video ya simu inaonyesha mekundu, wamenibadilishia bila maneno. Hiki kingine nimekipima kabla sijafungua hata mradi mmoja, kimepita.

Ila wakuu, jana saa mbili kasorobo usiku imezima tena. Kimya. Sifuri.

FundiUbao:
Ndo nilitegemea. Mgonjwa mmoja kapona, sasa tushughulike na wa usiku.

Kwanza tuondoe joto. Weka HWiNFO, programu ya kusoma joto na volti, washa ile ya kurekodi kwenye faili, renda kitu kizito nusu saa, niambie prosesa imefika ngapi.

MpigaPicha_Mbagala:
Prosesa 71, kadi 68. Vumbi nilipuliza mwezi uliopita, pesti niliweka mpya.

FundiUbao:
Sio joto basi. Hizo prosesa zinaanza kujipunguza spidi huko karibu na 100, na joto halijui saa. Dar mchana ndo kuna joto, ingekufa mchana. Yako inakufa usiku kukiwa kumepoa.

dada_wa_Tabata:
Samahani nachomekea hapa, yangu mimi inaganda dakika nzima halafu bluu, imeandikwa CRITICAL_PROCESS_DIED. Ni laptopu.

FundiUbao:
Dada hiyo ya kuganda kwanza ndo bluu, angalia diski kabla ya kitu kingine chochote, na kabla ya hata kuangalia, KOPI vitu vyako leo leo. Weka CrystalDiskInfo, programu ya kusoma afya ya diski. Mstari wa 05, C5 na C6, hizo zinahesabu sehemu mbovu za diski, zikiwa na namba na kila wiki inapanda, diski inakuaga. C7 ikipanda peke yake mara nyingi ni waya au mdomo wa SATA (pa kuchomekea diski), sio diski yenyewe, hiyo unabadilisha waya wa buku tano tu unaendelea na maisha. Mimi nilishawahi kutupa diski nzima kwa sababu ya waya, nilikuwa bado najifunza.

dada_wa_Tabata:
C5 inasoma 1A8. Hiyo ni nyingi?

FundiUbao:
Hiyo ni 424. Dada zima simu, kopi kwanza.

OtienoWaStima:
Niaje wasee, nasoma hii uzi nikiwa Nairobi. Mleta mada, hiyo ya kuzima jioni tu si ni stima hiyo? Saa moja mpaka saa nne kila mtu ako nyumbani, pasi iko on, jiko liko on, TV ziko on, volti inashuka. Hebu tuambie kwa hiyo ekstensheni kuna nini kingine, na mashini imechomekwa wapi exactly.

MpigaPicha_Mbagala:
Imechomekwa kwenye stebilaiza, ile ya boksi yenye mshale. Kwenye stebilaiza kuna ekstensheni, hapo kuna kompyuta, monita, TV ya sebuleni, raota, na friji.

Sasa umenisema kitu. Stebilaiza jioni huwa inapiga taa, taa, taa, tumeshazoea hatusikii tena. Ngoja leo nikae niisikilize.

MpigaPicha_Mbagala:
Wakuu nimetetemeka. Nimekaa tangu saa kumi na mbili na nusu kama mtu anayewinda panya. Nimeazima multimita kwa jirani. Ukutani saa mbili usiku inasoma 187. Asubuhi ilikuwa 228. Saa mbili na dakika 11 friji ikawaka, taa ya bulbu ikafifia kidogo, stebilaiza ikapiga TAA, na kompyuta ikazima HAPO HAPO. Sio sekunde mbili baadae, sauti moja. TV haikuzima. Raota haikuzima.

Kwa hiyo ni umeme? Ninunue stebilaiza kubwa?

Nikki_wa_Kijenge:
Nilisema mimi.

babu_wa_modemu:
Ulisema virusi.

FundiUbao:
Usinunue. Soma sentensi yako mwenyewe, "TV haikuzima, raota haikuzima". Umeme ule ule, sauti ile ile, na ni mmoja tu aliyeanguka. Wote wamepigwa kofi moja, aliyeanguka ndo mwenye anemia.

Ntaeleza kidogo maana hapa ndo watu wanapoteza hela. Stebilaiza ya rilei (swichi inayojigeuza yenyewe, ndo hiyo TAA) inapobadilisha mkondo ndani ya transfoma inakata umeme kwa milisekunde chache, huwezi kuona kwa macho. Pawa saplai nzima, lile boksi la ndani linaloigawia kompyuta umeme, haijali. Ndani yake kuna kapasita (kifaa cha kutunza umeme kidogo) kubwa moja au mbili, hiyo ni simtanki ya juu ya nyumba. Maji ya bomba yakikatika kidogo nyumba inaendelea kuoga kwa maji ya tanki. Pawa saplai ya kawaida imetengenezwa ibebe kama milisekunde 16 hivi umeme ukiwa haupo, ikiwa na mzigo wake.

Sasa kapasita ina majimaji ndani na yanakauka taratibu, na joto ndo linaikausha, kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zikiongezeka umri wake unakatika nusu. Kwa hiyo tanki lako la lita elfu moja miaka ikienda limekuwa la lita mia tatu na wewe hujui, maana bomba likiwa linatoka huoni tofauti. Jioni volti inashuka kwa hiyo tanki halijai vizuri, na nishati iliyomo haishuki sawa na volti, volti ikishuka robo nishati inapungua karibu nusu. Halafu uko unarenda, nyumba nzima inaoga. Friji ikawaka, stebilaiza ikakata kidogo tu, tanki kavu. Madabodi ikiona umeme haueleweki inajirestati bila kumuaga Windows. Ndo sifuri yako hiyo.

Hiyo pawa saplai ni ya mwaka gani, na stika yake imeandikwa nini upande wa input?

MpigaPicha_Mbagala:
Daah hiyo ya simtanki imeniingia. Stika imefifia ila inasomeka 2014. Input 200-240V. Wati 500 imeandikwa kubwa. Nyepesi hivi, ukiibeba kama boksi la viatu.

FundiUbao:
Ile iliyoandikwa 100-240 inavumilia umeme wa chini, yako kiwandani walishasema chini ya 200 wasihusishwe. Na uzito mdogo nao ni dalili, sio sheria ila ni dalili. Kuna nyingine zina swichi nyekundu nyuma ya 115 na 230, ndugu zangu msije mkaiweka 115 eti umeme mdogo, ukirudi kawaida utasikia bomu.

MpigaPicha_Mbagala:
Mkuu nimepima na volti 12 zinazotoka kwenye pawa saplai, kwenye plagi nyeupe ya pini nne, waya wa njano na mweusi, inasoma 12.08. Nimesoma mahali inatakiwa iwe kati ya 11.4 na 12.6. Mbona iko sawa?

FundiUbao:
Swali zuri. Multimita ni mzee anayetembea taratibu, anakupa wastani, tukio la milisekunde 20 limeshapita yeye bado anavaa miwani. Pawa saplai ikisoma 10.9 hapo umejua ni mbovu. Ikisoma 12.08 hujajua kitu, umejua tu kwamba sasa hivi bomba linatoka. Vilevile zile volti za kwenye HWiNFO msizihukumie, sensa za madabodi nyingine zinasoma vituko.

Kipimo chake ni kuazima pawa saplai nyingine. Ila usiku wa kwanza fanya kitu cha bure, chomoa friji kwenye hiyo stebilaiza, peleka soketi nyingine, uone.

Mzee_wa_Bisibisi:
Na ukiazima angalia plagi ya madabodi iwe ya pini 24 na ile ndogo ya prosesa ya pini 4. Desktopu nyingi za ofisi za mtumba zina plagi zao wenyewe, watu wanalazimisha wanachoma bodi. Ya kwako ya kuunga itakuwa sawa.

OtienoWaStima:
Hapo sawa. Mimi ningesema ununue tu UPS, ile ya betri inashika stima ikipotea.

Mzee_wa_Bisibisi:
UPS ni nzuri lakini usiwekee kidonda bandeji. Na kuna hizi UPS za bei ndogo umeme wake unatoka na ngazi ngazi sio wimbi laini, kuna pawa saplai mpya zenye PFC (sakiti ya kurekebisha umeme unaoingia) zinazikataa, umeme ukikatika UPS inashika ila kompyuta inazima vilevile, mteja anarudi amenuna anasema umemuuzia boksi la kelele.

kijana_wa_FPS:
Wakuu mimi naomba kuuliza nje kidogo, kuna mtu ananiuzia mashine ya i9 ya kizazi cha 14 bei nzuri, anasema inakreshi tu kwenye gemu, ni pawa saplai nayo?

FundiUbao:
Kijana hiyo iangalie kwa jicho lingine. Prosesa za desktopu za kizazi cha 13 na 14, hasa hizo kubwa, Intel wenyewe walikiri mwaka 2024 kwamba zilikuwa zinajiombea volti kubwa kupita kiasi na zinachakaa. Walitoa maikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa) 0x129 mwezi wa 8 na 0x12B mwezi wa 9, zinakuja kwa kuapdeti BIOS, ile programu ya madabodi ya kuwashia mashine. Zinazuia uchakavu, ila iliyokwisha kuchakaa hairudi. Waliongeza na dhamana ya miaka miwili kwa prosesa zilizouzwa na boksi lake. Mtu anayeuza bei nzuri na kusema "inakreshi tu kwenye gemu", muulize risiti ya prosesa iko wapi. Asipokuwa nayo muache nayo.

MpigaPicha_Mbagala:
Ripoti wakuu.

Usiku wa kwanza friji nimeihamisha, haikuzima. Ila stebilaiza nayo ilipiga mara chache tu kwa hiyo sikuamini sana. Mama watoto kalalamika waya wa friji unapita mlangoni.

Usiku wa pili mpaka wa nne, friji nimerudisha pale pale, stebilaiza ile ile, nimefunga pawa saplai ya kijana wa jirani anayecheza gemu, wati 450, input 100-240. Ya kwangu ya wati 500 ukiiweka pembeni yake unaiona aibu. Nikafungulia kurenda makusudi kila usiku kuanzia saa moja. Nimekaa na karatasi natia kijiti kila stebilaiza ikipiga. Usiku wa pili 9, wa tatu 14, wa nne 11. Kompyuta haijatikisika.

Leo usiku wa tano nimerudisha pawa saplai yangu ya zamani, kwa sababu FundiUbao alisema badili kimoja na mimi sasa nimekuwa mbishi nataka kuona. Saa moja na dakika 32, TAA ya tatu, giza.

Nimefurahi kuona inazima. Sijawahi kufikiria ntaandika hiyo sentensi.

FundiUbao:
Hapo kwenye kuirudisha ya zamani umewazidi mafundi wengi. Wengi wakiona imepona wanakimbia kuchukua hela.

Nikki_wa_Kijenge:
Sasa hiyo ya zamani si ufungue tu ubadili kapasita, buku tatu unamaliza.

FundiUbao:
NIKKI USIMUUE MTU. Hiyo kapasita kubwa inakaa na volti 320 na kidogo za moja kwa moja, na unaweza kuchomoa waya ukutani ikabaki nazo muda. Mleta mada wewe ni mpiga picha, usifungue.

Mzee_wa_Bisibisi:
Kweli, hata sisi tunaofungua tunaitoa umeme kwanza kwa bulbu ya zamani ya wati 60, tunaigusisha miguuni inawaka kidogo inazima, halafu tunapima na mita tena ndo tunaingiza mkono. Nina kidole kimoja hakina hisia vizuri, sitaki kuelezea. Mpelekee fundi redio wa mtaani kwako aipime tu, na mimi nataka kujua inasoma ngapi.

MpigaPicha_Mbagala:
Nimempelekea fundi redio hapa Rangi Tatu, mzee mmoja ana miwani imefungwa na waya. Kaifungua, akanusa kwanza! Akaniambia nusa. Ilikuwa inanuka kama dagaa waliolala. Ile kapasita kubwa juu imevimba kidogo kama kopo la maziwa lililopitiliza, na chini kuna kitu cha kahawia kimekauka kwenye bodi. Imeandikwa 330 mikrofaradi, volti 400. Kaitoa, kaipima mbele yangu, 121.

Mzee_wa_Bisibisi:
121 kati ya 330. Tanki limebaki theluthi.

FundiUbao:
Na bado ilikuwa inawasha mashine na kusoma 12.08. Fundi gani angeishuku.

babu_wa_modemu:
Mwambie mzee akurudishie hiyo kapasita, uitundike kwenye studio.

MpigaPicha_Mbagala:
Iko hapa mezani naitazama naandika. Nimenunua pawa saplai mpya nzito, nimechagua kwa kubeba mkononi kama vile nachagua tikiti. Wiki ya pili sasa, sifuri hata ya kuandika hakuna. Kwa hesabu zangu Windows tatu na RAM na nauli za Kariakoo ningekuwa nimeshanunua mbili za hizi.

OtienoWaStima:
Na video ya bibi harusi je?

MpigaPicha_Mbagala:
Nimeikabidhi Jumamosi. Amekuja kuichukua mwenyewe, ana tumbo la miezi minne. Kaniambia nisipokee kazi ya mtu mwingine, arobaini ya mtoto ni yangu, ila anataka nianze kuedit kabisa kuanzia sasa hivi.